Hana pa kukatwa ngozi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua itakuwa ndefu lakini nimeibeba moyoni tangu mwaka jana na nisipoisema sasa sijui ntaisema lini. Mie ni mwalimu wa bayolojia skuli ya sekondari huku kaskazini Pemba, sio daktari, ila nimelala wodini wiki 11 na mpwa wangu aliyeungua kwa maji ya moto na niliyoyaona huko ndo yananifanya nishike kalamu.

Mpwa wangu ana miaka 6. Siku hiyo mama yake, yaani dada yangu, alikuwa dikoni anachemsha dagaa kama siku zote. Wanaoijua kazi hii wanaijua, jungu kubwa juu ya mafiga, kuni chini, maji ya chumvi yanatokota, dagaa wanazamishwa na tenga wanatolewa wanaanikwa, na watoto wapo hapo hapo maana skuli imeshatoka na nyumbani hakuna mtu. Mtoto alikuwa anakimbizana na wenzake, akateleza pale penye majimaji, akalishika jungu ajizuie na jungu likamwinamia. Mkono wa kulia wote, kwapa, ubavu na shingo upande mmoja.

Watu wakakimbilia. Mmoja kaja na dawa ya mswaki, mwengine na unga wa ngano, bibi mmoja anapiga kelele liletwe yai. Mie nlikuwepo, nlikuwa nimepita kununua kitoweo, na nlisimama pale nikaishika ile dawa ya mswaki nikawafungulia kifuniko. Mwalimu wa bayolojia miaka 14. Bomba la maji lilikuwa kama hatua thelathini kutoka pale tulipokuwa. Kilichotakiwa ni kumpeleka pale, kumvua shati, kumwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, basi, sio barafu, sio unga, sio kitu chochote cha kupaka, halafu kumfunika na nguo safi na kumkimbiza spitali. Maji yanautoa ule moto ambao bado umo ndani ya nyama, maana ngozi inaendelea kuungua hata baada ya jungu kuondoka. Nimekuja kuyajua haya baadae na kila nikipita lile bomba naangalia chini.

Spitali ya kwanza tuliyofika sitoitaja na wala sina nia ya kumlaumu mtu, manesi walijitahidi kwa walichonacho. Wakamtia dripu, wakampa sindano ya maumivu, wakafunga. Daktari alipima kwa kiganja, alitwambia kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake, akahesabu akafika 17. Tukakaa pale siku nyingi tukisubiri kidonda kijikaushe chenyewe, kisha tukaambiwa tuvuke kwenda Unguja.

Nataka nikueleze kitu kimoja ambacho watu ambao hawajawahi kuuguza mtu wa moto hawakijui, ni ule wakati wa kubadilisha bandeji. Kile kidonda kinalia maji usiku kucha, ikifika asubuhi ile gozi, kile kitambaa cha bandeji, imeshagandana na nyama, sasa inabidi imwagiwe maji ya dripu ilainike kisha ivuliwe kidogo kidogo. Kigari cha nesi kilikuwa na gurudumu moja linalia kwikwi kwikwi. Mtoto akilisikia lile gurudumu tangu mlango wa wodi anaanza kusoma Alam tara, kwa sauti, haraka haraka, anaisoma mpaka mwisho anarudi mwanzo, na nesi anaendelea kufungua na yeye anaendelea kusoma, mpaka pahala pagumu pale kwapani sauti inakatika. Kila siku moja baada ya nyengine, wiki nyingi. Nlikuwa nimemshika kichwa na nikimwambia bado kidogo baba, bado kidogo, na si kweli.

Kitanda cha jirani alikuwepo mtoto mwengine, mkubwa kidogo, katoka shamba upande wa Unguja, yeye alipatikana na moto wa petroli na aliungua kama nusu ya mwili. Jina silisemi. Siku moja nlimuuliza daktari wa zamu kwa nini mpwa wangu keshapangiwa kwenda thieta na yule mwenzake bado, na yule ndo mahututi zaidi. Akanijibu pole pole, maalim, wako tutamkata ngozi ya paja tuibandike kwapani, yule hana pa kukatwa. Mapaja yameungua, mgongo umeungua, tumeshatoa tumboni kipande kidogo inabidi tusubiri paote tena ndo tutoe tena, na wakati tunasubiri vijidudu havisubiri.

Yule mtoto alifariki siku ya Jumatano alfajiri. Mama yake alikikunja kile chandarua cha kitanda vizuri kabisa, akamrudishia nesi, akamshukuru.

Basi lile neno, hana pa kukatwa, halikunitoka. Nlirudi nyumbani nikaanza kusoma usiku kwa simu, na kile nilichokikuta ndo nakitaka wenzangu wakijue. Hili tatizo la mtu asiye na pa kukatwa ngozi watu walishalipatia njia, na sio jana wala juzi.

Nieleze kidogo ngozi yenyewe. Ngozi ina tabaka mbili kubwa. Ya juu ni nyembamba sana, na chini kabisa ya hiyo tabaka kuna seli zinazogawika mchana na usiku, mpya zinasukuma za zamani juu mpaka zinakufa zinapukutika, ile nongo unayoisugua ukioga ndo hizo. Ya chini ni nene, ndo yenye mishipa ya damu, mizizi ya nywele, vifuko vya jasho, na ndo inayoipa ngozi nguvu na mvutano. Ukiungua juu juu, seli zilizosalia kwenye mizizi ya nywele na njia za jasho zinapanda zinafunika kidonda na wiki mbili tatu umepona. Ukiungua ndani, mizizi yote imekwenda, hakuna wa kuota katikati, ngozi inaweza kurudi kwa kutambaa kutoka pembeni tu, na hapo mwili unaanza kukivuta kidonda kijifunge, kovu linakuwa nene na linakaza. Ndo maana mtu anabaki mkono umegandana na ubavu au kidevu kimevutwa kifuani. Kidonda kikichukua zaidi ya wiki tatu kufunga, hatari ya kovu baya ni kubwa sana. Kwa hiyo mbio zote za moto ni mbio za kukifunga kidonda mapema.

Sasa Kiswahili chetu kimelitengeneza neno zuri, kupandikiza ngozi. Kupandikiza ni neno la shamba. Na sie watu wa karafuu tunajua, huwezi kupanda shamba zima kwa kung'oa miti ya shamba jengine, unatia mbegu kwenye kitalu unapata miche unaihamisha. Ndo hivo hivo walivofanya hawa watu na ngozi. Mwaka 1975 huko Marekani, chuo cha MIT, mtaalamu aitwae Howard Green na mwanafunzi wake James Rheinwald waliweza kwa mara ya kwanza kuziotesha seli za ngozi ya mtu ndani ya visahani vya maabara zikazaana na kuzaana. Green wala hakuwa akitafuta dawa ya moto, alikuwa anachungulia uvimbe wa panya, akaona kwenye visahani vyake seli zinazofanana na za ngozi akazifuata. Siri yao ilikuwa kuziwekea chini seli za panya zilizopigwa mionzi ili zisizaane, kazi yake kuzilea zile za mtu tu, kama yaya. Ukichukua kipande cha ngozi nzima cha kama sentimita 3 za mraba, ndani ya wiki 3 mpaka 4 unaweza kukizidisha mara maelfu, ukapata shiti za ngozi nyembamba kama lile gamba la ndani la kitunguu, unaweza kuona upande wa pili.

Mwaka 1983 watoto wawili ndugu, mmoja miaka 5 na mwengine 6, umri wa mpwa wangu hasa, waliungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili huko Wyoming wakapelekwa Boston. Asilimia 95, hebu fikiri, hawa walikuwa hawana pa kukatwa kuliko yule jirani yetu wodini. Madaktari walichukua vipande vidogo vya ngozi iliyosalia wakaviotesha na wakawafunika karibu nusu ya mwili kwa ngozi iliyotoka maabara, na wote wawili waliishi. Habari yao iliandikwa kwenye jarida la madaktari mwaka 1984. Mie mwaka huo nlikuwa sijazaliwa. Na mwaka jana mtoto wa nusu ya mwili kafa kitanda cha pili kutoka mie.

Silii ili watu wanionee huruma, nataka tuulizane tu.

Lakini nisije nikawadanganya watu, ina taabu zake na nimezisoma. Zile shiti ni tabaka ya juu peke yake, ile ya chini haimo, na mche bila udongo haushiki. Ukiibandika juu ya nyama tupu pengine inashika pengine inachubuka na kutoka malengelenge kwa wiki nyingi, usaha ukiingia usiku mmoja tu kazi ya mwezi imekwenda. Na zile wiki tatu za kusubiri kitalu ni nyingi kwa mtu aliyeungua. Na bei ni kubwa mno, hata nchi tajiri wanawawekea wale mahututi kabisa tu. Shiti ikishatoka maabara ina saa 24 za kutumika.

Hizi wiki tatu ndo zilizomuudhi daktari mmoja mwanamke, Fiona Wood, aliyezaliwa Uingereza akahamia Perth, Australia. Yeye na mwenzake wa maabara Marie Stoner walifanya kazi miaka ya 90 kuzipunguza zile siku. Wakafikia kufikiri kwamba kwa nini tusubiri shiti, tuzichukue seli mapema bado hazijashikana tuzinyunyizie kwenye kidonda zikaotee huko huko, mwili wenyewe ndo uwe kitalu. Ni sawa na kuacha kuhamisha miche ukaenda ukamwaga mbegu shamba. Oktoba 2002 mabomu yalipolipuka Bali, Indonesia, majeruhi 28 waliletwa spitali ya Royal Perth kwa mama huyu, wengine wameungua mpaka asilimia 92, na wengi wao walipona. Mwaka 2005 Australia wakamtangaza kuwa Muaustralia wa mwaka.

Na siku hizi kipo kifaa cha hiyo njia, kinaitwa ReCell, kidogo kama boksi la chakula, hakitaki maabara kubwa. Daktari anakata kipande chembamba cha ngozi ukubwa wa stempu, anakiloweka kwenye dawa yenye kimeng'enya iliyo na joto ili seli ziachiane, anakikwangua, anazichuja seli, anazivuta kwenye bomba la sindano anazipulizia kidondani, na yote hayo kama nusu saa, mgonjwa bado yuko juu ya meza ya thieta. Kipande cha sentimita 1 ya mraba kinatosha kufunika sentimita 80. Marekani walikiruhusu rasmi mwaka 2018. Kidonda kikiwa cha ndani sana bado inabidi wapandikize ngozi iliyotobolewa tobolewa kama wavu, ila wanautanua ule wavu zaidi na kupulizia seli kwenye matundu yake, kwa hiyo paja linakatwa kidogo sana. Nlivosoma hapa nlisimama nikatoka nje nikatembea tembea uwanjani.

Kuna jengine ambalo sie watu weusi linatuhusu sana. Zile seli za kupulizia zinachanganyika na zile zinazotengeneza rangi ya ngozi, kwa hiyo rangi ya mtu inaweza kurudi. Mpwa wangu ana mabaka meupe shingoni na watoto skuli walishaanza kumkimbia wakisema ana mbalanga, wengine wanasema ukoma. Mwalimu mwenzangu alidhani namdekeza nlipolisimamia hili gwaride zima la asubuhi nikawaeleza wanafunzi ni moto sio maradhi ya kuambukiza. Kwa mzungu rangi pengine ni urembo, kwa mtoto wa kwetu ni kukaa peke yake kwenye dawati.

Na kama kuna mtu anadhani huu ni mchezo wa wazungu kwa wazungu, mwaka 2015 Bochum, Ujerumani, mtoto wa miaka 7 wa familia ya wakimbizi kutoka Syria, aliyezaliwa na ugonjwa wa ngozi kubanduka banduka, alikuwa keshapoteza sehemu kubwa ya ngozi na madaktari hawana la kumfanyia. Walichukua kipande cha sentimita 4 za mraba, kikapelekwa Modena, Italia, kwa Profesa Michele De Luca, huko wakazirekebisha seli zile kasoro yake ya urithi kisha wakaziotesha, wakamvisha karibu asilimia 80 ya mwili. Akarudi skuli.

Kwa hiyo watu wa kwetu wanasemaje? Nimewaeleza wengi hadithi hii, barazani, msikitini baada ya Isha, kwenye boti. Wengi wanastaajabu wanasema subhanallah. Lakini wapo waliosema ni kubadilisha maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu, na wapo waliouliza ngozi hiyo ni ya nani, ni ya maiti, ni ya nguruwe? Maswali haya si ya kuyadharau, na mie siyadharau. Jawabu la kwanza ni kwamba ngozi ni ya mgonjwa mwenyewe, inatoka kwake inarudi kwake, seli za mtu mwengine mwili ungezikataa. Lakini nisiwe mtu wa kuficha, ile njia ya shiti ya zamani inatumia seli za panya kama nilivoeleza, na kile kimeng'enya cha kuziachanisha seli, kinaitwa tripsini, kwa kawaida hutolewa kwenye kongosho la nguruwe, kisha seli zinasuuzwa. Siku hizi vipo pia vya kutengenezwa maabara bila mnyama yeyote. Nlimuuliza ustadhi wetu wa madrasa, akafikiri sana, akasema dharura ina hukumu yake na roho ya mtoto ni dharura, ila akasema hili waulizwe wakubwa. Na mie nasema hivo hivo. Ofisi ya Mufti na Wizara ya Afya wakae walizungumze hili leo, watoe maelezo watu wayasikie redioni, wasingoje siku baba wa mtu kasimama mlango wa thieta kapewa karatasi ya kutia saini na hajui atie au asitie.

Sasa najua kuna atakaesema maalim unaota, spitali gozi wakati mwengine tunanunua wenyewe na wewe unazungumza mambo ya Australia. Nimelifikiria sana hili, na naona kinyume chake. Seli hizi hazifanyi kazi peke yake. Hata kifaa hicho kingeletwa bure kesho kingekaa kabatini, maana kabla ya kupulizia lazima nyama iliyokufa ikatwe yote mapema, siku za mwanzo, sio wiki ya tano, lazima damu ya kuongeza iwepo, lazima chumba kiwe safi na mlango unafungwa, sio mgonjwa wa moto kalala kitanda kimoja na mwenye kichomi, lazima nesi awe anajua moto na awe hapo hapo, asihamishwe kila miezi mitatu. Na baada ya hapo mazoezi ya viungo, kila siku, ili kovu lisivute. Ukiyafanya hayo bila seli zozote umeshaokoa wengi. Na ukiyafanya hayo ndo umeshajenga msingi wa seli. Kwa hiyo anaeomba seli anaomba yote hayo, na ndo maana naziomba.

Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 180,000 wanakufa kwa moto kila mwaka, na walio wengi sana ni nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sie. Moto wetu si wa mabomu, ni wa majungu ya dagaa, ya uji wa futari, chai iliyowekwa chini kwenye mkeka, koroboi, petroli inayouzwa kwenye chupa za maji. Wanaoungua ni watoto na mama zao. Vitu vinavyogundulika duniani kwa ajili ya moto vinaanzia kwenye nchi ambazo moto ni mchache, halafu kwetu vinafika vimeshachoka au havifiki.

Naomba ifikiriwe chumba kimoja tu cha moto Unguja na kimoja Pemba, vitanda vinne vitano, na watu wawili watatu wapelekwe kusomea kupandikiza ngozi na hii njia ya kupulizia. Tuanze na kupulizia maana haitaki maabara. Na huku vijana wetu SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vyuo vyengine waanze kufundishwa kuotesha seli, ni kazi ya mikono, ya usafi na subira, inahitaji inkubeta inayokaa nyuzi 37 na umeme usiokatika, na vijana wa kuiweza tunao, nawafundisha mie wenyewe kila siku. Hata tukikubaliana maabara ya kuotesha iwe moja kwa nchi nzima na iwe Dar es Salaam, zile saa 24 za shiti zinatosha, ndege kutoka Dar mpaka Chake Chake huku Pemba ni safari fupi. Bahari hapa si kisingizio.

Nimesikia pia wenzetu wa Brazil, mji wa Fortaleza, wanafunika vidonda vya moto kwa ngozi ya samaki perege iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, inakaa siku kadhaa bila kubadilishwa na mgonjwa anapumzika na yale maumivu ya kila asubuhi. Hiyo sio seli, ni kifunikio tu, na tafadhali mtu asije akachuna samaki sokoni akambandika mtoto. Lakini nliposoma nlifikiria lile gurudumu la kigari. Kisiwa cha wavuvi kingeweza kulichunguza hili kwa utaratibu wa kitaalamu.

Mpwa wangu anaendelea, alhamdulillah. Anacheza mpira. Anaandika kwa mkono wa kushoto sasa. Msikitini anasimama karibu yangu, imamu akisema Allahu Akbar watoto wote wananyanyua mikono mpaka masikioni na yeye wa kushoto unafika, wa kulia unasimama kwenye kifua, kovu la kwapa haliachii. Daktari amesema litakatwa na kuwekwa ngozi nyengine, tarehe tumeshapewa, tutavuka tena. Safari hii atakwenda na mama yake maana mie nna wanafunzi wa mitihani.

Mwisho, Ndugu Mhariri, kama kuna sheha, kamati ya diko au mtu wa afya yeyote anaetaka mwalimu wa kuwaeleza watu habari ya maji dakika 20, mie nipo, silipwi, Ijumaa yoyote baada ya sala. Pale dikoni kwetu nimeshaanza. Tumefunga mpira wa maji kwenye lile bomba, unafika mpaka kwenye majungu.

Wasalaam,
Mwalimu wa sekondari,
Wilaya ya Micheweni, Pemba